Mti na Mahali Pake: Kupanda na Kutunza Miti katika Mji wa Kengeja

Sura hii tumeiandika kwa ajili ya mwenye nyumba, mpangaji, mwenye duka, mwalimu mkuu, msimamizi wa msikiti na kila anayeishi au kufanya kazi chini ya kivuli cha mti katika mji wa Kengeja, Wilaya ya Mkoani, na katika miji mingine midogo ya Pemba inayofanana nao. Tunaeleza namna ya kuchagua mahali pa mti, kununua mche, kuutunza hadi ukomae, kuutambua unapokuwa hatari, na kupatana na mtu anayelipwa kuukata. Maelezo yote yanasimama juu ya msingi mmoja: sehemu kubwa ya gharama na hatari za mti wa mjini huamuliwa siku mti unapopandwa, wala si siku unapoanguka.

Mji uliokua ndani ya shamba

Miti mingi ya Kengeja haikupandwa kwa ajili ya mji. Ilipandwa shambani, kisha mji ukaifuata. Minazi, miembe, mifenesi na mikarafuu iliyokuwa na nafasi ya kutosha pande zote leo imejikuta katikati ya nyumba, kando ya njia za watoto wa skuli na chini ya waya za umeme. Sababu yake si siri. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima; ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 1,889,773. Watu hao wamejenga, na sehemu kubwa ya ardhi waliyojengea ilikuwa na miti tangu hapo.

Nyumba zenyewe nazo zimebadilika. Paa la makuti likivunjwa na tawi liliweza kuezekwa upya kwa makuti ya shamba lile lile. Paa la mabati hugharimu fedha taslimu. Umeme unaofika Pemba kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, tangu mwaka 2010, umesaidia kueneza nguzo na waya mitaani, mahali ambapo hapo kale palikuwa na matawi tu. Mabomba ya maji na mitaro ya barabara yamechimbwa mahali pa mizizi.

Hali hiyo huzaa makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni woga. Tawi la mwembe mmoja likivunja paa, jirani hukata mwembe wake ulio mzima, na wa tatu hufuata; mtaa hupoteza kwa wiki moja kivuli ambacho hakitarudi kabla ya miaka ishirini au thelathini. La pili ni kupuuza. Mti uliooza shina huachwa usimame juu ya nyumba yenye watoto kwa sababu bado unazaa, au kwa sababu warithi wake hawajaafikiana. Makosa yote mawili hutokana na kutoweza kuutofautisha mti mzima na mti mbovu. Ujuzi huo hauhitaji chuo, na sehemu kubwa yake imo katika kurasa hizi.

Mti unatupa nini mjini

Kivuli ndicho faida inayoonekana kwanza, lakini kivuli cha mti si sawa na kivuli cha bati. Bati hupata moto likaurudisha moto huo kwa aliye chini yake. Jani huvuta maji kutoka ardhini kwa njia ya mizizi na kuyatoa kama mvuke, na mvuke huo huchukua joto unapoondoka. Ndiyo maana baraza iliyo chini ya mwembe hukalika saa nane mchana, na ile iliyo chini ya bati haikaliki.

Faida ya pili ni ulinzi wa ardhi. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na mvua za masika hushuka kwa nguvu. Matone yakipiga udongo mtupu huubeba hadi mtaroni, na mtaro ukijaa udongo maji huingia majumbani. Majani huyapunguza nguvu matone kabla hayajafika chini, na mizizi huushika udongo. Faida ya tatu ni matunda, na hiyo haihitaji maelezo kwa Mpemba.

Faida zote hizo huja na umri. Huko Bungi, Unguja, miembe ya Bi Khole, inayohusishwa na Bibi Khole binti Sayyid Said na iliyopandwa katika karne ya 19, imewatilia kivuli wapita njia hadi zama zetu. Anayepanda mti mkubwa mahali pabaya huwaachia wajukuu mzigo, na anayeupanda mahali pazuri huwaachia mali.

Kwanza: mti huu ni wa nani?

Katika Zanzibar si ajabu ardhi kuwa na mwenyewe na mti ulio juu yake kuwa na mwenyewe mwingine. Mti huweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani peke yake. Huweza pia kuwa wakfu, na mapato yake yakawa ni ya msikiti au ya watu waliotajwa na mweka wakfu. Kwa hiyo kabla ya kukata, kupogoa au kupanda karibu na mti uliopo, tunashauri uulize mambo haya:

Nani anayechuma matunda ya mti huu, na kwa haki gani? Je, kuna warithi walio nje ya Kengeja, waliopo Unguja, Tanga, Mombasa au Oman, ambao wana sehemu yao? Je, mti ni wakfu? Ukiwa ni wakfu, usiguswe kabla ya kupata kauli ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Warithi wakiwa wengi, tunapendekeza waandikiane karatasi moja fupi mbele ya sheha: nani atausimamia mti, nani atalipia kuupogoa, na nani atabeba dhamana ukianguka. Mti usio na msimamizi ndio unaoanguka juu ya nyumba ya mtu, kisha kila mrithi akasema haukuwa wake.

Chagua mahali kabla ya kuchagua mti

Watu wengi hupewa mche, kisha hutafuta pa kuuweka. Tunashauri kinyume chake. Simama mahali unapokusudia kupanda, na utazame pande tatu.

Tazama juu. Kama kuna waya za umeme, au nguzo inayoonyesha kuwa zitapita, usipande mti utakaozidi mita nne au tano ukikomaa. Mti mrefu chini ya waya utakatwa kichwa kila baada ya muda, hautakuwa mzuri wala salama, na hautazaa inavyopasa.

Tazama chini. Mizizi mingi inayolisha mti haiendi chini sana kama inavyodhaniwa. Imo katika sehemu ya juu ya udongo, kiasi cha sentimita 60, nayo huenea kupita mwisho wa matawi. Uliza bomba la maji linapita wapi, shimo la choo liko wapi, na kama kuna mpango wa kuchimba mtaro. Mizizi haivunji bomba zima, lakini hulifuata bomba linalovuja na huingia katika ufa uliokwisha kuwapo.

Tazama pembeni. Pima umbali kutoka ukutani hadi mahali pa shimo, kwa kuukumbuka mti mkubwa, si mche ulio mkononi mwako. Vipimo tunavyopendekeza ni hivi:

— Miti mikubwa, kama mwembe wa mbegu, mfenesi, mdoriani, mkungu na mkwaju: mita 8 hadi 10 kutoka nyumba, kisima au shimo la choo.
— Miti ya kadiri, kama mwarubaini, mshokishoki na mwembe uliobebeshwa: mita 5 hadi 6.
— Miti midogo, kama mkomamanga, mndimu, mpera na mstafeli: mita 3.
— Mnazi: usiwe juu ya njia, baraza, maegesho ya gari wala mahali wanapochezea watoto. Nazi kavu inayoanguka huweza kuua.

Msufi na mbuyu si miti ya uwanja wa nyumba. Inafaa mahali pa wazi penye nafasi kubwa, mbali na paa na waya. Kama uwanja wako haufikii vipimo hivi, panda mti mdogo. Mkomamanga uliostawi ni bora kuliko mwembe unaokatwa kila mwaka.

Chagua mti kwa kazi na kwa udongo

Udongo hautofautiani baina ya mji na mji tu, hutofautiana baina ya uwanja na uwanja. Penye kinongo chenye kina karibu kila mti wa matunda hustawi. Penye uwanda wa mawe ya matumbawe, kama katika sehemu nyingi za ukanda wa mashariki wa kisiwa, mizizi hukosa pa kushika. Hapo mwarubaini na mkwaju huvumilia zaidi. Penye bonde linalotuamisha maji usipande mkarafuu wala mparachichi, kwani yote miwili hufa mizizi ikikaa majini. Kando ya pwani, panapofika chumvi, mkungu, mtondoo na mvinje huhimili upepo wa bahari.

Kazi nayo iangaliwe. Katika uwanja wa skuli panatakiwa kivuli kipana na matawi yanayoanza juu ya kichwa cha mtu mzima, yasiyovunjika ovyo. Tunashauri mfenesi na mdoriani isipandwe mahali wanapokaa wanafunzi, kwa kuwa tunda lake ni zito. Kando ya barabara inayotoka Mtambile kupitia Kengeja kwenda Mwambe, mti usimzuilie dereva kuona wanaovuka, hasa kwenye kona na mbele ya skuli. Katika viwanja vya mchezo wa ng'ombe, ambao Kengeja inajulikana kwao, miti ya kivuli ipandwe nyuma ya watazamaji, wala isiwe mahali ambapo watu watakwea wakati wa mchezo.

Jambo moja zaidi ambalo mtu mmoja mmoja hulisahau, na ambalo mji hauwezi kulisahau, ni kuchanganya. Mtaa wenye miti ya aina moja hupendeza macho, lakini maradhi yakija huuchukua wote. Zanzibar imewahi kuonja hilo katika karne ya 20, maradhi ya kufa ghafla yalipoiua mikarafuu. Miji ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ilipoteza mamilioni ya miti ya barabarani ya jamii moja kwa maradhi ya kuvu. Mwaka 1990 mtaalamu wa miti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kipimo kinachofuatwa na miji mingi hadi leo: katika kila miti mia ya mji, isizidi kumi ya aina moja. Kipimo hicho si sheria kwetu, lakini ni ukumbusho mzuri kwa shehia inayogawa miche. Kama miche yote ni miashoki, omba ichanganywe.

Unaponunua mche

Mche ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na mnunuzi ana haki ya kuukagua. Bei ndogo ya mche mbovu ni hasara, kwa sababu kasoro yake hujitokeza baada ya miaka mitano, wakati muuzaji hakumbukwi tena. Kagua mambo manne:

Mizizi. Omba kiriba kipasuliwe upande, au ukifungue mwenyewe baada ya kulipia mmoja wa majaribio ukinunua mingi. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ndani ya kiriba itaendelea kujizungusha ardhini na mwisho italinyonga shina. Ikitoka chini ya kiriba ikawa minene na kushika ardhi ya kitalu, mche umekaa sana.

Shina. Liwe moja, limenyooka, lisilo na jeraha wala ufa. Mche mfupi mwenye shina nene ni bora kuliko mrefu mwenye shina jembamba.

Kiungo. Kama unauziwa mwembe au mchungwa uliobebeshwa, pawe na alama ya kiungo inayoonekana juu ya udongo, iliyoshikana vizuri. Mche uliobebeshwa huzaa mapema, na aina ya tunda huwa ni ile ya mti mama. Mche wa mbegu hautoi dhamana hiyo. Muuzaji anayesema hii ni boribo au dodo akuonyeshe kiungo.

Afya. Majani yasiwe na madoa meusi, utando mweupe wala wadudu upande wa chini.

Omba risiti inayotaja aina na idadi. Ukiuziwa mche wa mbegu kwa bei ya mche uliobebeshwa, hilo si kosa la kilimo, ni udanganyifu wa biashara, na unaweza kulipeleka kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Siku ya kupanda na miaka mitatu inayofuata

Panda mvua zinapoanza kushika, mwanzoni mwa masika au mwanzoni mwa vuli, siyo zinapokwisha. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya kiriba, na kina kisichozidi kina cha kiriba. Shimo refu huufanya mche udidimie na shina lifukiwe, na shina lililofukiwa huoza. Ondoa kiriba chote. Inyooshe mizizi iliyojizungusha, na iliyo migumu uikate. Rudisha udongo ule ule uliochimba, ukiuchanganya na samadi iliyooza vizuri kama udongo ni dhaifu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mahali shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pawe sawa na uso wa ardhi.

Tandaza majani makavu au makumbi kuuzunguka mche kwa upana wa mita moja, na uache nafasi ya kiganja cha mkono baina ya matandazo na shina. Zungushia ua wa mito au wa fimbo. Mbuzi mmoja aliyefunguliwa huweza kumaliza kazi ya shehia nzima kwa asubuhi moja. Kama mche unayumba, ufunge kwa kiguzo kwa kitambaa laini kilicholegea, na ukifungue baada ya mwaka. Waya uliosahauliwa shinani huukata mti polepole kama kisu.

Miche mingi ya mjini hufa katika kiangazi cha kwanza, baada ya picha kupigwa na wageni kuondoka. Ndoo moja ya lita 20, mara mbili kwa wiki, ikimwagwa taratibu ili isichuruzike, hutosha kwa mche mmoja penye udongo mzuri. Penye mchanga ongeza mara moja. Mwaka wa pili mti huhitaji maji wakati wa ukavu mkali tu. Mwaka wa tatu, kama umeshika, utajitafutia. Kwa hiyo tunaziomba skuli na misikiti zisipande miche mingi kuliko ile ambayo mtu aliyetajwa kwa jina ataimwagilia. Miche kumi iliyokua ina thamani kuliko mia iliyokauka.

Kupogoa bila kuua

Samaki mkunje angali mbichi. Mti ukiongozwa ukiwa mdogo huhitaji mkasi na dakika chache. Ukiachwa hadi ukomae huhitaji msumeno, kamba na fedha. Tangu mwaka wa pili, chagua shina kuu moja. Matawi mawili yanayopanda sambamba kutoka sehemu moja, yakiwa na ganda lililobanwa katikati yake, ndiyo yatakayopasuka siku ya upepo. Ondoa moja mapema.

Unapokata tawi, angalia uvimbe mdogo unaolizunguka tawi mahali linapotoka shinani. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukikata ndani yake, umelijeruhi shina. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani. Tawi zito likatwe kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, usiozidi theluthi ya unene, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya huo wa kwanza, ili tawi lianguke bila kuchuna ganda, wa tatu ni wa kuondoa kipande kilichobaki, nje ya uvimbe. Hakuna haja ya kupaka rangi, lami wala oili chafu. Mti hujifunga wenyewe.

Usiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja. Na usikubali mti ukatwe kichwa. Kukata kichwa ni kuondoa sehemu yote ya juu na kuacha vigogo vitupu. Huonekana ni njia ya kuufanya mti uwe salama, na matokeo yake ni kinyume. Mti uliokosa majani hukosa chakula. Vidonda vikubwa huingiza uozo. Na machipukizi yanayotoka juu ya vigogo hukua haraka yakiwa yameshikana na ganda tu. Baada ya miaka michache mti hurudia urefu wake, ila sasa matawi yake ni dhaifu kuliko ya mwanzo. Mwenye nyumba amelipa ili aongeze hatari.

Mambo mengine yanayoua polepole: kuchoma taka chini ya shina, kusakafia saruji hadi ganda, kupigilia misumari ya mabango, na kukata mizizi upande mmoja kwa ajili ya mtaro au msingi. Mti uliokatwa mizizi huweza kubaki kijani mwaka mzima, kisha ukaanguka kwa upepo usio mkali.

Dalili za hatari

Upepo haututembelei kwa bahati mbaya tu. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ndipo ikashika nafasi ya kwanza katika karafuu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania. Kagua miti yako mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Anza chini, malizia juu:

— Uyoga au kuvu kwenye mizizi au chini ya shina. Hii ni dalili nzito, hata kama majani ni ya kijani.
— Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, na mti ulioanza kuinama hivi karibuni. Mti uliokua umeinama tangu udogoni si sawa na ulioinama mwezi uliopita.
— Shina lenye tundu au linalotoa sauti tupu likigongwa kwa nyuma ya panga.
— Ufa kwenye panda ya matawi makubwa.
— Matawi makavu ya juu, au upande mmoja wote uliokosa majani.

Dalili moja si hukumu ya kifo. Mti wenye tundu dogo huweza kuishi miaka mingi, na mara nyingi kupunguza tawi moja lililoelemea paa hutosha. Ukiona dalili ya kwanza au ya pili karibu na nyumba, njia au skuli, usisubiri. Wahamishe watu, mjulishe sheha siku hiyo hiyo na uombe afisa wa misitu aje kuutazama.

Kabla ya kukata mti mkubwa wa zamani, angalia pia wanaoishi humo. Popo wa Pemba hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki, na hulala kwa makundi katika miti mirefu. Husambaza mbegu za miti mingi, na jamii ya Kidike imeonyesha kuwa kumhifadhi huweza kuwaletea wanakijiji wageni na kipato.

Kupatana na mkata miti

Anayekwea kwa ustadi si lazima awe anajua kupogoa. Mkwezi hodari wa minazi huweza kuuharibu mwembe. Kabla ya kukubaliana, muulize atakata matawi yapi na kwa nini. Akijibu kuwa atakishusha kichwa chote, mtafute mwingine. Kisha andikeni, hata kama ni katika ukurasa wa daftari: mti gani, matawi gani, bei, siku ya kumaliza, nani anachukua kuni na mbao, nani anaondoa taka, na nani analipa akivunja paa, ukuta au bomba. Saini za wote wawili na shahidi mmoja zinatosha. Lipa sehemu mwanzoni na iliyobaki kazi ikishakamilika. Kwa kawaida msimu wa karafuu huwachukua mashambani vijana wengi wajuao kukwea. Panga kazi yako kabla yake.

Mti uliogusa waya, au ulio karibu nao kwa mita tatu, haukatwi na mtu wa mtaani. Toa taarifa kwa Shirika la Umeme Zanzibar, na uwaweke watu mbali. Mti mbichi na fimbo mbichi hupitisha umeme.

Kibali

Ukataji wa miti Zanzibar unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Nam. 10 ya 1996, na mkarafuu una sheria yake ya mwaka 2014. Kuwa mti ni wako hakukuondolei wajibu wa kuuliza. Anza kwa sheha, kisha ofisi ya misitu ya wilaya. Mti ulio katika hifadhi ya barabara au uwanja wa umma, anza na baraza la mji. Kupogoa matawi madogo ya mti wako uwanjani ni jambo la kawaida. Kuung'oa ni jambo jingine. Kama mti umeanguka wenyewe, upige picha na umwite sheha kabla ya kuupasua, ili ijulikane ulianguka na haukukatwa.

Daftari la miti la shehia

Tunamalizia kwa pendekezo lisilohitaji bajeti. Kila shehia iwe na daftari moja la miti mikubwa ya mahali pa umma na ile inayoegemea nyumba za watu. Kila mti uwe na mstari wake: mahali ulipo, aina yake, mwenyewe au msimamizi wake, hali yake, na tarehe ya kukaguliwa. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa wiki chache wakiongozwa na mwalimu na afisa wa misitu. Daftari likiwapo, baraza la mji litajua wapi pa kuanzia fedha zinapopatikana, mchimba mtaro ataonyeshwa mizizi kabla ya kuikata, na miche itakayoletwa masika yajayo itapelekwa mahali palipo na pengo na mtu wa kuimwagilia. Aliye tayari kuanza amwendee sheha wake mwezi Januari au Februari, wakati wa kiangazi, miti inapoweza kukaguliwa kwa utulivu na mashimo kupimwa kabla ya mvua ya kwanza.